Wenye nyumba za likizo vijijini Ufaransa, acheni kutudanganya na "kila kitu kipo karibu"

Wakuu, heshima kwenu. Mods, nawaomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la utalii ukafie huko. Hapa hakuna utalii, kuna watu wameliwa hela.

Sisi tunaishi Ubelgiji. Mama alikuja kutoka Tanga kututembelea, dada na shemeji na watoto wao wakaja kutoka Leicester, tukasema Agosti tukodi nyumba moja kubwa shamba tukae ukoo mzima. Tukapata Dordogne, kusini magharibi mwa Ufaransa, upande wanaouita Périgord Noir, bonde la mto Vézère. Nyumba yenyewe sina ugomvi nayo. Kuta za mawe, vitanda visafi, bwawa la kuogelea lina uzio na geti ambalo watoto hawawezi kulifungua (sheria yao ya 2003 inalazimisha bwawa la namna hii liwe na uzio, king'ora, kifuniko au banda). Ugomvi wangu ni ile sehemu ya tangazo inayosema "huduma za karibu na matembezi ya siku moja". Aliyeiandika anastahili kunyang'anywa kalamu.

Mkate dakika 5. Supamaketi dakika 10. Kituo cha treni dakika 10. Mgahawa upo kijijini. Hakuna sehemu hata moja palipoandikwa kuwa dakika zote hizo ni za gari, tena gari la mtu anayeijua barabara. Barabara yenyewe nyembamba, haina pembeni pa kutembea, kona kila hatua, na wenyeji wanapita hapo kama wanakimbizwa. Utamtuma mtoto mkate huko?

Halafu huo mkate. Mwokaji alishafunga duka, pale mlangoni pamewekwa mashine. Unatumbukiza sarafu, unatoka mkate mrefu. Mchana ukienda, mashine tupu. Duka la mikate lenye mtu ndani lipo mji wa pili na Jumatatu halifunguliwi. Supamaketi Jumapili inafunga mchana. Mgahawa wa kijijini unapika saa sita hadi saa nane mchana, ukifika saa nane na nusu na watoto wana njaa unaambiwa jiko limefungwa, rudini usiku. Hiyo ndiyo Ufaransa ya shamba, sawa, nchi yao na ratiba yao. Lakini mwenye nyumba anaishi huko! Anajua haya yote. Kuandika mstari mmoja kwamba "Jumapili mchana hamtapata kitu, nunueni Jumamosi" kulimshinda nini?

Na hapo sijagusa chakula chenyewe. Tangazo lilisema "vyakula vya asili kwa ladha zote". Wakuu, ile ni nchi ya bata. Bata wa mafuta, maini ya bata, na hata viazi, ambavyo wewe Mwislamu unasema angalau viazi vitaniokoa, viazi vya Sarlat (mji wa huko) vinakaangwa kwa mafuta ya bata. Mama alikaa mbele ya sahani ya saladi akaniuliza, "Mwanangu, huku ndiko ulikonileta kula majani?" Bucha ya halali ya kuaminika tuliipata Périgueux, mwendo wa gari. Kuanzia siku hiyo tukawa tunajipikia, ndio maana naziheshimu sufuria za ile nyumba.

Dada na shemeji walikuja kwa treni kwa sababu tangazo lilisema kituo kipo. Kituo kipo kweli. Treni ndizo hazipo, zinapita chache kwa siku, na ukishuka hakuna teksi inayosubiri, unatakiwa uwe umeiagiza kabla. Basi la kijiji ni la wanafunzi, na Agosti shule zimefungwa. Kwa hiyo mimi nikawa dereva wa daladala wa familia kwa likizo nzima.

Sasa njoo kwenye matembezi, hapa ndipo nilipopandisha. "Tembelea pango la Lascaux, uone michoro ya kale kwa macho yako." Pango la Lascaux lilifungwa kwa umma 1963, pumzi za wageni zilikuwa zinaiharibu michoro. Kinachotembelewa pale Montignac ni nakala, hii ya sasa ilifunguliwa Desemba 2016. Wanaoijua wanasema nakala hiyo imetengenezwa kwa ufundi mkubwa, sibishi. Ila usimuuzie mtu nakala kwa jina la asili, na umwambie kwamba Agosti tiketi zinakatwa mapema kwa saa maalumu. Sisi tulifika tukaambiwa leo hakuna. Cha kuudhi zaidi, karibu na nyumba, Les Eyzies, kuna Font-de-Gaume, pango lenye michoro ya asili ya rangi ambalo bado linaingiza watu, wachache sana kwa siku. Hilo halimo kwenye orodha yake!

Rocamadour ameiita "kijiji cha kupendeza kwa umri wote". Mama ana magoti. Ngazi za kupandia kwenye makanisa ni 216, mahujaji wa zamani walizipanda kwa magoti kama toba. Mama alikaa chini kwenye kivuli sisi tukapanda kwa zamu. Tunaondoka ndipo tunaona kibao cha lifti ya kulipia.

Bordeaux ya "kwenda na kurudi" ni zaidi ya saa mbili kwenda tu. Hatukwenda. Soko la Sarlat ni Jumatano na Jumamosi, zuri, ila ukichelewa kuamka unazunguka kutafuta pa kuegesha gari mpaka hamu inakwisha.

Nitende haki. Château des Milandes, ambayo yeye kaitaja mwishoni kabisa kwa maneno "na majumba mengine", ndiyo iliyookoa safari. Ilikuwa nyumba ya Josephine Baker, yule mwimbaji na mcheza dansi mweusi mzaliwa wa Marekani. Aliinunua 1947, akalelea humo watoto 12 aliowaasili kutoka pande mbalimbali za dunia, madeni yakamtoa 1969. Novemba 2021 Ufaransa ikamwingiza Panthéon, jengo la Paris wanakoenziwa mashujaa wa taifa lao, mwanamke mweusi wa kwanza. Mama alizunguka kila chumba, magoti yakasahaulika. Mwenye nyumba mwenye akili angeiweka juu kabisa.

Kuna watakaokuja hapa kusema "mkuu, ungetazama ramani". Nilitazama. Ramani inakuonyesha duka lilipo, haikwambii mwokaji kaondoka. Na mpwa wangu alipoumwa na nyigu Jumapili, uso ukavimba, ramani ilinionyesha famasi tatu, zote zimefungwa. Jirani mzee ndiye aliyenielekeza: Ufaransa unapiga 3237 wanakutajia famasi ya zamu, na hali ikiwa mbaya unapiga 15 au 112. Namba tatu tu! Ukutani mwa ile nyumba kulikuwa na karatasi ndefu ya kutukataza kuoga bwawani na mafuta ya kujikinga na jua.

Mwisho kabisa, taka. Mapipa ya barabarani kule yanafunguliwa kwa kadi. Kadi hatukuachiwa. Ujumbe nilituma, akajibu "mtaiona jikoni". Hatukuiona. Mifuko tuliifunga vizuri tukaiacha gereji. Sasa kakata euro 150 kwenye dhamana, eti gharama ya kuondoa taka, na mtandao tuliokodi kupitia kwao unasema tumalizane wenyewe.

Sheria ya Ufaransa inataka ukodishaji wa msimu uwe kwa maandishi, na bei na maelezo ya nyumba. Mkataba ninao, umehesabu mpaka vijiko, kadi ya taka haimo. Picha za mifuko na ujumbe wote ninao. Aliyewahi kudai dhamana Ufaransa akiwa anaishi nchi nyingine ya Ulaya, ulianzia wapi? Barua ya rejista kwa Kifaransa inatosha au nianze na kituo cha walaji cha huku Ubelgiji? PM ipo wazi.