Ulimi wa kuvuta, kioo cheusi au kioo cheupe, kipi kinafaa kwenye elementi (helmeti) ya pikipiki na kofia ya saiti? Wadau wa Tanga tusaidiane

Mpongwe_Damu
Habari za jioni wakuu. Mimi nakaa Pongwe ila kazi napiga mjini, kuna saiti kule upande wa Raskazone tunapandisha ghorofa, mi ni fundi vyuma, nondo, grenda na kuchomelea. Asubuhi natoka na pikipiki yangu saa kumi na mbili na nusu na mnaoijua ile njia mnajua, ukitoka Pongwe kuingia mjini jua liko usoni mwanzo mwisho, jioni ukirudi nalo limeshahamia upande wa pili linakusubiri. Wiki mbili zilizopita nusura nimvae mama mmoja kabeba kuni kichwani, sikumuona kabisa mpaka nilipoingia kwenye kivuli cha mwembe, mpaka leo nikipita pale moyo unapiga.

Sasa nimezunguka madukani Ngamiani nimekutana na vitu vitatu na sijui niende na kipi. Cha kwanza ni kioo cheusi cha kubadilisha kwenye elementi, unatoa cheupe unaweka hiko. Cha pili elementi mpya ambayo kwa ndani ina kioo kidogo cheusi cha kushusha kwa kuvuta kitufe pembeni, na nje kina kile cheupe cha kawaida. Cha tatu ndo kimenishika, ni ulimi kama wa kapelo, una mkanda wa mpira unaovaa juu ya elementi yoyote hata kofia ngumu ya saiti, na ule ulimi uko wa tabaka mbili, la juu unalivuta linatoka mbele kama droo linagota mahali patatu, pembeni kuna nati mbili za plastiki za mkono ukilegeza unaushusha au kuupandisha. Muuzaji kaniambia hiki kimoja nitatumia barabarani na saitini na hata nikikata vyuma, nikaona kama nimepata dawa ya yote. Nikaogopa kulipa nikasema niulize kwanza.

Kijiwe_cha_Reli
Mkuu mi nipo kwenye boda mwaka wa saba huu. Kioo cheusi usithubutu kama unarudi usiku, nilikuwa nacho, mchana raha mustarehe, ikifika saa moja jioni unaendesha umekifunua upepo na wadudu vyote vinaingia machoni, kuna siku mdudu kaniingia jichoni njia ya Muheza nilisimama nikalia kama mtoto. Vile vioo vya maana ukisoma pembeni vimeandikwa alama za ECE, yaani kiwango cha Ulaya cha elementi, kwa lile toleo la 22.05 kioo cha kutumia mchana na usiku lazima kipitishe mwanga asilimia 80 au zaidi, kikiwa kati ya 50 na 80 kinaandikwa kabisa ni cha mchana tu. Hivi vya kwetu vingi havina maandishi yoyote, unakuta cheusi tii kama chungu, hujui kimepitisha ngapi.

Kama mfuko unaruhusu chukua hiyo ya vioo viwili. Ukiingia kivulini au likizama unasukuma kitufe kwa dole gumba, mkono haujatoka mbali na usukani.

Mama_Skuta
Naunga mkono hapo juu, mimi naendesha skuta na navaa ushungi, kubadilisha kioo njiani ni balaa, inabidi uvue elementi yote na ushungi unavurugika barabarani watu wanakutazama. Hiyo ya kitufe ndo naitumia. Ila naomba niongeze, angalieni kile kidogo cha ndani kinaposhuka kisiguse pua wala miwani, mimi navaa miwani ya macho na elementi ya kwanza niliyonunua kilikuwa kinagonga fremu, muuzaji akakataa kuipokea. Ijaribuni dukani mkiwa mmevaa kila kitu mnachovaa siku zote.

SafetiSaitini
Ndugu Mpongwe mimi kazi yangu ni usalama saitini, kwa hiyo hapo kwenye "hata nikikata vyuma" nimeshtuka. Tafadhali sana. Ulimi ni wa kivuli, haukingi kitu kinachoruka. Jiwe la grenda likipasuka vipande vinakuja kwa chini na kwa mbele, ulimi uko juu ya paji la uso, utakusaidia nini? Hata kama ule wa tabaka la kuvuta ni plastiki ya kuangaza, kama haujapimwa usiufanye ngao.

Ngao ya uso ya kukatia vyuma ni kile kioo kirefu kinachofika chini ya kidevu, na kwenye kioo chenyewe tafuta alama. Za Marekani zinaandikwa Z87+, ile jumlisha ndo inaonyesha kimepimwa kwa kupigwa kitu kwa nguvu. Za Ulaya ni EN 166 alafu herufi, F ni kipimo cha kigololo kinachokuja mita 45 kwa sekunde, B ni mita 120, A ni mita 190. Kwa ngao ya uso mzima ya kukatia vyuma tafuta B au A. F ni kipimo cha miwani ya kawaida. Na ndani ya ngao bado unavaa miwani ya kazi, sababu kuna cheche zinapanda kwa chini. Kuchomelea nako ni jambo lingine kabisa, pale unataka kioo cheusi chenye namba ya ukali wa weusi wake, kwa welding ya fimbo watu wengi wanakaa kwenye namba 10 au 11, huo weusi wa kioo cha pikipiki haufiki hata robo ya safari na macho yatakuwasha usiku kama yametiwa mchanga.

Jambo jingine, msitoboe kofia ngumu kufunga hivi vidude. Nimeona watu wanatoboa kwa drili wanapitisha skrubu, ile kofia inafanya kazi kwa kusambaza pigo kwenye ganda zima, ukiweka tundu umeiwekea mahali pa kupasukia. Zile zenye tundu za pembeni zilizotoka nazo kiwandani tumia hizo, au mkanda wa mpira kama huo ulioeleza.

Mwalimu_Jiometri
Nimependa swali hili, nimekaa mezani na rula na elementi ya mdogo wangu nikapima, naomba mnivumilie maana ni ndefu kidogo.

Chukulia ulimi umekaa sentimita 3 juu ya usawa wa jicho, umenyooka mbele. Ukitokeza sentimita 5 mbele ya jicho unaziba jua lililo juu ya digrii 31. Ukiuvuta ukafika sentimita 10 unaziba kuanzia digrii 17. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda kama digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika 4. Kwa hiyo likichomoza kama saa kumi na mbili na robo, ule mfupi unaanza kukusaidia kama saa mbili na dakika ishirini, ule uliovutwa kama saa moja na dakika ishirini na tatu. Umepata faida ya karibu saa zima kwa kuvuta, si haba.

Lakini sasa usivute, acha uwe ule ule mfupi wa sentimita 5, ushushe kwa zile nati mpaka ncha yake ibaki sentimita 1 tu juu ya usawa wa jicho. Unaziba kuanzia digrii 11! Yaani kuushusha mfupi kunaushinda mrefu ulionyooka. Ukifanya yote mawili, sentimita 10 na umeshushwa, unafika digrii 6. Kwa hiyo ukienda dukani kabla hujauliza unavutika kiasi gani, uliza zile nati zinashika? Maana ukitetemeka barabarani nati ikalegea, yote niliyoyaandika hapa hayapo tena.

Kijiwe_cha_Reli
Mwalimu hapo umenifungua kichwa. Ila kwa barabarani naomba niweke upepo kwenye hesabu yako. Mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu ya upepo inaongezeka mara nne, ulimi mrefu kwenye 80 unakuvuta shingo nyuma kama mtu kakushika nywele. Zile elementi za mashindano ya porini zina ulimi mkubwa lakini wao wanataka kuzuia matope, na ule wao umefungwa kwa skrubu laini za plastiki makusudi ukianguka ung'oke usikusokote shingo. Huu wa mkanda wa mpira sijui utang'oka au utaning'inia. Kwa hiyo mi naona barabarani ubaki mfupi ulioshushwa, wa kuvutwa ni saitini ukiwa umesimama.

Pangani_Pwani
Sisi wa njia ya Pangani mmetusahau jamani. Huku unaenda kusini, asubuhi jua la kushoto jioni la kulia, ulimi wa mbele hausaidii kitu, jua linapita pembeni kama mlango wa uani. Mimi nimebaki na elementi ya vioo viwili tu.

Na jingine la huku pwani ni chumvi. Chochote chenye springi au skrubu ya chuma cha kawaida kwenye hivi vidude, miezi michache kimeshika kutu kinagoma kushuka. Chukueni cha nati za plastiki au chuma kisichoshika kutu, na mkisuuza pikipiki suuzeni na elementi kwa maji baridi.

SafetiSaitini
Nirudi kwa mwalimu. Hesabu yako ni sawa kabisa ila saitini kushusha ulimi kuna gharama yake, unapoteza kuona juu. Winchi inapandisha ndoo za zege, watu wako kwenye jukwaa juu yako, ukivaa kitu kilichoshuka mpaka sentimita 1 juu ya jicho hutaona kinachokuja kichwani. Ndo maana wapanda jukwaa wengi wanapewa kofia zisizo na ulimi kabisa, watazame juu bila kuinua kichwa kizima. Kwa hiyo ukiwa chini ya kazi ya watu wengine, ulimi sukuma ndani. Ukiwa kwenye benchi lako la kukunja nondo juani, vuta mpaka mwisho. Na hapo kweli kuvutika kwake kuna maana, kuliko wale ninaowakuta wamevaa pama kisha kofia ngumu juu yake, ile kofia haikai, inapepesuka, siku kitu kikianguka inatoka kichwani kabla hakijafika.

FundiVioo_Chumbageni
Mimi nitasema kidogo tu kuhusu kutunza maana watu wanaua vioo vyao wenyewe. Vingi vizuri ni polikaboneti, aina ya plastiki, hiyo ni ngumu haipasuki ovyo kama plastiki ya akriliki, lakini ngozi yake inachubuka haraka na haipendi petroli wala tina ya rangi (thinner). Watu wanafuta gundi ya stika kwa petroli, baada ya siku kadhaa unaona nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, hizo haziondoki tena na kioo kimeshadhoofika. Maji na sabuni basi. Na ninyi wa huko Pongwe kwenye vumbi la saruji na chokaa, MSIFUTE KIKAVU. Mwagia maji kwanza vumbi lishuke alafu ndo upitishe fulana laini iliyolowa. Ukifuta kikavu na shati umepiga msasa, na jua la asubuhi likigonga ile mikwaruzo unaona ukungu mweupe mtupu. Wengine wanalalamika jua kumbe ni kioo kimechoka. Mpongwe hebu kitazame hicho cheupe chako cha sasa hivi kabla hujanunua chochote.

Mpongwe_Damu
Wakuu nimerudi, samahani nilikaa kimya siku tatu.

Nilianza na la fundi vioo, nikashika elementi yangu nikaielekeza juani, aisee kioo kimejaa mikwaruzo ya mviringo kama santuri, mwaka mzima nimefuta na mkono wa ovaroli. Nikanunua kioo kipya cheupe cha elementi hiyo hiyo, elfu nane, na asubuhi ya kwanza tu niliona tofauti kubwa, jua lipo lakini barabara inaonekana na watu wa pembeni nawaona.

Alafu nikapiga hesabu ya mwalimu kwa safari yangu. Saa kumi na mbili na nusu jua liko kama digrii 4, hapo hakuna ulimi utakaoliziba bila kuniziba na barabara yenyewe. Nikaongea na mke wangu, sasa natoka saa kumi na mbili kamili, likichomoza mimi nimeshakaribia mjini. Chai nakunywa saitini. Jioni natoka saa kumi na moja, hapo bado liko juu kidogo kama digrii 20, huo ulimi ukiwa mfupi na umeshushwa unaliziba vizuri tu.

Kwa hiyo ulimi nimeuchukua, lakini kwa kazi yake. Barabarani jioni mfupi, saitini kwenye benchi nauvuta wote, mchana wa saa saba jua la utosini mashavu na pua havijaungua wiki hii. Nikipita chini ya winchi nausukuma ndani, imeshakuwa mazoea. Ngao ya grenda nimepata yenye alama ya EN 166 na B, ni shilingi elfu kumi na tano, na miwani ninayo. Nati za ulimi moja ililegea siku ya pili nikaweka washa ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, sasa imekaa.

Mama_Skuta
Hongera kaka na Mungu akulinde na huyo mama wa kuni naye. Huo mkanda wa mpira unaingia kwenye elementi ndogo? Yangu ni saizi S na nataka niujaribu kwa ajili ya jioni.

Mpongwe_Damu
Dada una vishikizo vya kukaza nyuma, lakini kwa S sina uhakika kama hautateleza. Jumamosi natoka kazi saa nane, nitapita Barabara ya 12 kuchukua nondo za mteja, njoo nayo tuivalishe tuone. Njoo na miwani yako.