Filamu ya Jumamosi kwa Babu, Marangu

Mama Neema: Shikamoo Baba, shikamooni wakubwa wote. Kwa kuwa Jumamosi wajukuu wote watakuwa Marangu, kuanzia wa chekechea hadi wa kidato cha nne, naomba tukubaliane mapema filamu ya kuwaonyesha jioni. Ningependa isimulie maisha ya mtu wa kweli, na isiwe na jambo la kutufanya tuwafumbe watoto macho.

Babu: Marahaba, mwanangu. Iwe ya Mwafrika mwenzetu, kama ipo.

Shangazi: Ipo, Baba. Napendekeza Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair. Inamhusu Phiona Mutesi, binti aliyekuwa akiuza mahindi huko Katwe, Kampala, akafundishwa sataranji na Robert Katende hadi akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya kimataifa. Lupita Nyong'o ameigiza kama mama yake, na kwa maoni yangu yeye ndiye anayeibeba filamu yote: mjane anayefukuzwa kwenye nyumba kwa kukosa kodi, ambaye bado anahofu kwamba binti yake akishaonja maisha ya wenye nacho hatapata tena raha nyumbani. Kuna ajali ya pikipiki, lakini mtoto akiwa karibu na mzazi ataistahimili. Tafadhali msizime projekta mapema, kwa sababu mwishoni kila mwigizaji anasimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza.

Baba Mdogo: Dada, mimi nilifikiria The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka 2019, ya William Kamkwamba wa Malawi, aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa, akajisomea maktaba na kuunda kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli.

Shangazi: Ni nzuri mno, kaka, ila mbwa wa kijana huyo anakufa kwa njaa na mtemi anapigwa hadharani, wale wa chekechea hawatalala. Tuwawekee wakubwa siku nyingine, na tuwaeleze kwamba kinu chake cha kwanza kiliwasha taa na redio nyumbani kwao, ilhali filamu inakionyesha kikivuta maji ya shambani. Watoto wana haki ya kujua palipobadilishwa.

Babu: Basi iwe ya sataranji. Nani atamfasiria Bibi yenu Kiingereza?

Mama Neema: Neema atakaa naye, Baba. Nitamwonyesha filamu Ijumaa ili ajiandae.