Tunaitwa majangili kwa sababu ya karatasi: ofisi za vibali vya uwindaji ziache kutupa koordineti zisizotaja datumu

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sababu ya hasira hiyo nitaieleza yote. Sisi wawindaji wenyeji wa Liwale, tunaolipia leseni, tunaomiliki bunduki kihalali na kusubiri msimu ufunguliwe mwezi Julai, tunapewa karatasi za mipaka ya maeneo ya kuwindia ambazo zina namba, zina mhuri na zina sahihi, lakini hazisemi namba hizo zimetokana na mfumo gani wa vipimo, yaani datumu gani. Mtu akiziingiza kama zilivyo kwenye simu au kwenye GPS ya mkononi, mstari wa mpaka unakaa mahali ambapo mpaka wenyewe haupo. Akikutwa ng'ambo ya mpaka wa kweli, anayeadhibiwa ni yeye, si aliyeandika karatasi.

Msimu uliopita tuliingia eneo letu la wazi tukiwa na mwenzangu mmoja na mzee mmoja wa kijijini anayetusaidia kufuata nyayo. Upande wa kaskazini eneo hilo linapakana na hifadhi, na mpaka wa upande huo haufuati mto wala korongo; ni mstari mnyoofu unaokata katikati ya miombo, na tulikopita hatukuona bikoni, yaani nguzo ya kuonyesha mpaka, hata moja. Kwa hiyo nilikuwa nimeingiza pembe zote za eneo kwenye simu, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye jedwali la ile karatasi: safu ya kwanza herufi ya pembe, ya pili mashariki, ya tatu kaskazini, kwa gridi ya UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita za mashariki na kaskazini), kanda ya 37 kusini. Nilichora mstari, nikapakua ramani ya eneo zima kabla ya kuondoka mjini, nikabeba pawabenki. Kongoni alipigwa asubuhi na akaanguka palepale. Simu ilionyesha kwamba tuko nje ya hifadhi kwa takriban mita 180.

Askari wa doria walitukuta tukiwa tunachuna. Hawakuwa na maneno makali mwanzoni, na hilo nalisema kwa haki. Kiongozi wao alitoa GPS yake ya mkononi, akasimama kando ya mzoga, akasubiri namba zitulie, kisha akatuambia kwamba tuko ndani ya hifadhi kwa mita 120. Nikamwonyesha simu. Akajibu kwamba simu ni ya kupiga na kutuma pesa, si chombo cha porini, na kwamba mahakamani itasomwa GPS yake na si simu yangu. Nikamwomba jambo moja tu: tuviweke vyombo vyote viwili juu ya kisiki kimoja na tusome mahali tulipo, bila kutazama mipaka. Alikubali. Namba za simu na namba za GPS yake zilipishana kwa mita chache mno, kiasi ambacho hata GPS mbili za aina moja hupishana. Vyombo vyote viwili vilikuwa vinakubaliana kwamba tumesimama palepale. Kilichotofautiana ni mstari uliochorwa ndani yake: wake ulikuwa kusini yetu, wangu ulikuwa kaskazini yetu. Jumlisha 180 na 120 upate umbali kati ya mistari hiyo miwili. Ni mita 300.

Hakuna aliyetaka kusikia hesabu hiyo. Nyama ilichukuliwa, bunduki ikashikiliwa mpaka watu wakaanza kuokota korosho, na nilizungushwa kati ya ofisi moja na nyingine nikiambiwa nieleze kwa nini niliingia hifadhini. Mzee wa watu, ambaye hajawahi kushika simu ya kioo maishani mwake, aliandikishwa maelezo kama mshiriki wa ujangili. Jambo hilo linaniuma kuliko nyama na kuliko fedha.

Aliyenifumbua macho ni mpima ardhi mmoja pale Lindi mjini. Alinikunjulia karatasi ya ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, zile za zamani ambazo bado ndizo msingi wa nyaraka nyingi za mipaka, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo ya pembeni: Arc 1960, duaradufu (umbo la dunia lililokadiriwa) ya Clarke 1880. Kisha akaniomba nifungue mipangilio ya programu yangu ya ramani, na hapo tukasoma WGS84. Akaniambia kwamba hilo ndilo jibu la mita zangu 300.

Nieleze kwa wale ambao hawajakutana na jambo hili. Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa datumu inayoitwa Arc 1960, iliyowekwa kwa ajili ya upimaji wa ukanda huu wa Afrika zama ambazo wapimaji walikuwa wakipanda vilima na vyombo vyao. Setilaiti za GPS hutumia datumu nyingine, WGS84, ambayo hukadiria umbo la dunia na kitovu chake kwa namna tofauti. Namba ileile ya mashariki na kaskazini, ikisomwa kwa Arc 1960, ni sehemu moja. Ikisomwa kwa WGS84, ni sehemu nyingine. Kwa gridi ya UTM huku kwetu kusini tofauti hiyo hufika takriban mita 300 kuelekea kaskazini, pamoja na mita zisizofika 100 kuelekea magharibi. Simu ikipewa namba bila maelezo huzichukulia kuwa ni za WGS84, na GPS nyingi za mkononi zinapotoka dukani hufanya hivyohivyo, ingawa baadhi yake zina uwezo wa kubadilishiwa datumu kwenye mipangilio.

Tazameni sasa ubaya wake. Kosa hili halipotezi mtu huku na huko kwa bahati. Lina uelekeo mmoja. Mpaka wote unasogezwa kaskazini. Mwindaji ambaye eneo lake liko kusini ya hifadhi, kama mimi, anasukumwa kuingia ndani ya hifadhi huku chombo chake kikimhakikishia kwamba yuko salama. Mwenye eneo lililo kaskazini ya hifadhi ananyimwa mita 300 za ardhi aliyoruhusiwa kuwinda, na huenda asijue kamwe. Kwa hiyo sibishani na yule askari kuhusu mahali mpaka ulipo. Yeye alipewa mstari uliokwisha kubadilishwa datumu, na mstari wake ulikuwa sahihi. Nauliza swali jingine: kama ofisi inao mstari sahihi wa kuwapa askari wake, kwa nini mwindaji aliyelipia leseni anauziwa karatasi yenye namba za zamani? Maneno machache, "Datumu: Arc 1960", yangetosha. Yangeandikwa juu ya jedwali, ningebadilisha mipangilio au ningemtafuta mpima mapema, na kongoni yule asingepigwa pale.

Nilipopeleka hoja hii kwa maandishi nilijibiwa kwa mdomo kwamba mwindaji anapaswa kulijua eneo lake. Jibu hilo silikubali. Wazee wetu wa Kingindo waliyajua maeneo yao kwa sababu mipaka ilikuwa mito, vilima na makorongo, na mtu aliweza kumwonyesha mwanawe kwa mkono. Ndugu zetu wa Nanyumbu, waliopakana na Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, angalau upande wa kusini wana Mto Ruvuma ambao hauhitaji setilaiti kuonekana. Mstari mnyoofu uliochorwa ofisini hauna jiwe, hauna mti wala maji. Hauwezi kujulikana kwa miguu. Hujulikana kwa chombo tu, na chombo hakina la kusema zaidi ya namba kilizopewa.

Datumu si tatizo pekee. Nimeona karatasi nyingine, ya jamaa wa upande wa Nachingwea, iliyoandikwa kwa latitudo na longitudo, ambamo nukta na alama za dakika na sekunde zimechanganywa ovyo, nyingine zikiwa zimefutika kwa kurudufiwa mara nyingi. Wengine watadhani huu ni ukali wa kupita kiasi kuhusu nukta, lakini fanyeni hesabu. Nyuzi 9 na dakika 45.30 si sawa na nyuzi 9, dakika 45 na sekunde 30, kwa sababu 0.30 ya dakika ni sekunde 18. Pengo ni sekunde 12, na kila sekunde moja ya latitudo ni karibu mita 31 ardhini, kwa hiyo umekosea kwa zaidi ya mita 360. Mtu akiisoma namba hiyo kama nyuzi 9.4530 atakuwa amepotoka kwa zaidi ya kilomita 30. Hizi ni karatasi zinazoamua nani ni mwindaji na nani ni mhalifu, na anayeziandaa hajali nukta imekaa wapi.

Kuhusu dharau hii ya kwamba simu si chombo cha porini, naomba iachwe, kwa sababu inatumika kufunga mjadala kabla haujaanza. Kipokezi cha GPS kilicho ndani ya simu husikiliza setilaiti zilezile ambazo GPS ya mkononi huzisikiliza, na hakihitaji mnara wa simu ili kijue mahali kilipo. Mtandao husaidia tu kuharakisha mwanzo na kuleta picha ya ramani, ambayo inaweza kupakuliwa nyumbani. Chini ya anga wazi simu nzuri hukosea kwa mita kama tano hivi. Miombo ya kiangazi, iliyokwisha kupukutisha majani, haizuii anga sana. Udhaifu wa simu upo na sisi tunaoitumia tunaujua: chaji huisha haraka, kioo hakionekani vizuri juani, haivumilii maji wala kuanguka, na dira yake hudanganywa na chuma, kwa hiyo mtu asiisome akiwa ameiegemeza kwenye mtutu wa bunduki au juu ya boneti ya gari. GPS ya mkononi inayobadilishwa betri ni imara zaidi, na anayeweza kuinunua ainunue. Lakini hakuna kifaa cha bei yoyote kinachoweza kugundua kwamba karatasi uliyopewa imeficha datumu. Ningekuwa na kifaa kilekile cha askari, nikaingiza namba zilezile za karatasi yangu bila kubadili mipangilio, ningesimama palepale na kukamatwa palepale.

Lipo pia suala la ramani zilizopitwa na wakati, na hili ni hatari zaidi kwa vijana wanaopakua kitu chochote wanachokikuta. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye kilomita za mraba 30,893. Ndani ya pori la akiba uwindaji unaweza kufanyika kwa kibali; ndani ya hifadhi ya taifa hauruhusiwi. Ukiwa na ramani iliyotengenezwa kabla ya mwaka huo, utaliona jina la Selous likitanda hadi mahali ambapo leo ni Nyerere, na simu haitakuonya. Mabadiliko makubwa namna hiyo yalistahili kuletwa kwa wawindaji kama faili la mpaka lililo sahihi, lakini mimi sijawahi kupewa faili la aina hiyo katika dirisha lolote nililosimama.

Ninachodai si kikubwa na hakihitaji bajeti mpya. Kila karatasi ya kibali itaje datumu, kanda ya UTM na muundo wa namba, ichapwe upya badala ya kurudufiwa mpaka nukta zipotee, na iwe na tarehe ya mpaka wenyewe na si tarehe ya mhuri tu. Mwindaji apewe pamoja nayo faili la GPX au KML, linalofunguka kwenye simu au GPS, la mpaka uleule walio nao askari, ili mstari ulio kwenye simu yangu na ulio kwenye GPS ya doria uwe mmoja. Faili hilo ni dogo kuliko picha moja na linatumwa kwa simu kwa dakika moja. Pale ambapo mpaka ni mstari mnyoofu, bikoni zirudishwe, angalau kwenye pembe na kwenye njia zinazotumiwa na watu. Na panapotokea ubishi porini, askari aandike kwenye maelezo yake namba za mahali tukio lilipotokea, datumu ya kifaa chake, na pia kile ambacho kifaa cha mwindaji kilionyesha, badala ya kuandika kwamba mtuhumiwa "alikutwa ndani ya hifadhi" na kuishia hapo. Kwenye maelezo yangu mimi hakuna neno hata moja kuhusu simu, wakati tuliisoma pamoja juu ya kisiki.

Nimeandika barua ya pili na safari hii nimeambatisha hesabu ya mpima. Nitaleta majibu hapa yakija. Wakati huohuo nawaomba wenzangu wa Liwale, Kilwa, Nachingwea, Tunduru na Nanyumbu mlio na karatasi za mipaka mzitazame leo, mwangalie kama pana neno "datumu", "Arc 1960" au "WGS84" popote juu ya jedwali. Kama halipo, msiingize namba hizo kwenye kifaa chochote kabla hamjamwona mpima. Ficheni jina na namba ya leseni, mweke hapa picha ya sehemu ya juu ya karatasi, ili tuwe na ushahidi wa pamoja kabla ya Julai.