Mshauri kalipwa, dashibodi imekabidhiwa, Songwe haipo kwenye ramani!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe.

Nafanya kazi ya data kwenye shirika linaloshughulika na lishe, jina nalihifadhi. Tulimpa kazi mshauri atutengenezee dashibodi ya udumavu wa watoto kwa R (lugha ya programu ya takwimu) na Shiny (kifurushi cha R cha kutengeneza kurasa za mtandao zinazobadilika unapozigusa), akitumia data za TDHS-MIS ya 2022, yaani utafiti wa taifa wa afya, idadi ya watu na malaria. Siku ya makabidhiano kila kitu kilimeremeta. Ukigusa mkoa asilimia inatokea, ukisogeza kitelezi cha umri grafu zinabadilika. Tulipiga makofi, nami nikiwemo. Akalipwa pesa yake yote.

Wiki iliyopita tukaifungua mbele ya maofisa lishe wa mikoa. Mama mmoja kutoka Songwe akanyoosha mkono: "Samahani, mkoa wangu uko wapi?"

Haukuwepo. Mshauri alichukua faili la mipaka la zamani, la kabla Songwe haijamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, akaliunganisha na data kwa left_join, amri ya R inayounganisha majedwali mawili na kubakiza safu mlalo zote za lile la kushoto; ramani ndiyo ilikuwa kushoto. Ukifanya hivyo, jina lisilo na mwenzake kwenye ramani linatupwa kimyakimya, R haitoi onyo lolote. Eneo lote la Songwe likapakwa rangi ya Mbeya. Mstari mmoja tu wa anti_join, amri inayoorodhesha yasiyo na mwenzake, kabla ya kuchora ungemwonyesha jina lililobaki nje. Mstari mmoja, wakuu! Yule mama amesafiri kutwa nzima kuja kuona watoto wa mkoa wake wamefutwa.

Nikarudi nyumbani nikaifungua skripti. Mstari wa kwanza ni setwd, amri ya kutaja folda ya kazi, inayoelekeza kwenye desktop ya kompyuta yake yeye mshauri. Toleo la R halikuandikwa popote, vifurushi havikuorodheshwa. Nilipompigia akanijibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kwako inafanya kazi kwa sababu ni kompyuta yako, ndugu yangu! Sisi tulinunua kitu kitakachofanya kazi kwetu.

Tena dashibodi ilikuwa nzito, inachelewa kuitikia. Faili zima la data (la programu ya Stata) linasomwa ndani ya renderPlotly, sehemu ya kodi inayochora grafu, na kuna grafu tatu. Kwa hiyo kila ukigusa kitelezi, faili lenye mamia ya safu linasomwa upya mara tatu. Kwenye Shiny data husomwa nje ya server (sehemu inayojibu miguso ya mtumiaji), mara moja tu programu inapowaka. Uchujaji unawekwa kwenye reactive() moja, yaani hesabu inayorudiwa tu chaguo linapobadilika, na grafu zote zinachota humo. Hili ni somo la wiki ya kwanza. Sisi tulikuwa tunailaumu intaneti ya ofisi.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonikosesha usingizi ni hesabu yenyewe. Kwenye data za DHS (tafiti za aina hii ya TDHS), safu ya hw70 ina alama ya z ya urefu kwa umri, yaani mtoto yuko mbali kiasi gani na urefu wa kawaida wa umri wake, iliyozidishwa kwa 100, na mtoto aliye chini ya -200 ndiye aliyedumaa. Humohumo kuna 9996 na 9998, ambazo si vipimo, ni alama kwamba kipimo hakiaminiki. Yeye hakuziondoa. Kila mtoto mwenye 9998 akahesabiwa amekua vizuri kabisa! Asilimia ya udumavu ikashuka, sisi tukafurahi.

Tena hakutumia uzani wa sampuli, yaani namba inayoonyesha kila aliyehojiwa anawakilisha sehemu gani ya watu; iko kwenye safu ya v005, ile unayoigawa kwa 1,000,000. Sampuli haikugawanywa kwa kufuata idadi ya watu, hivyo bila uzani Kusini Unguja inavuta wastani wa taifa kuliko inavyostahili, na mikoa mikubwa kama Mwanza inapungukiwa.

Nilipomtumia orodha ya makosa, alijibu kwamba marekebisho ni mkataba mpya na malipo mapya.

Ninyi mnaofanya kazi hizi, nauliza kwa dhati: mnakabidhije kitu ambacho hamjakijaribu hata kwenye kompyuta ya pili? Na wenzangu wa maofisini, kwenye mikataba yenu mnadai skripti iendeshwe mbele yenu kuanzia data ghafi? Sisi hatukudai. Anayejua kipengele cha kuandika kwenye mkataba aniwekee hapa.

Nimekaa siku nne naandika upya. Songwe imerudi na asilimia zimebadilika karibu kila mkoa. Usiku huu naandika barua kwa wote walionakili takwimu za mwanzo, na ya kwanza inakwenda kwa yule mama.