Mahekalu ya kale ya pwani ya kusini mwa India: tuanzie upande upi, na tutaruhusiwa kuingia?

Binti wa Lang'ata

Salamu kwenu nyote. Mimi na mama yangu tunakusudia kusafiri kutoka Nairobi mwezi wa Novemba ili kuyaona mahekalu ya kale ya Kihindu yaliyo karibu na bahari kusini mwa India. Mama alifundisha historia hadi alipostaafu, na habari za majahazi yaliyovuka bahari kwa pepo za msimu amenisimulia tangu utotoni, ila ng'ambo yenyewe hajaiona. Sisi ni Wakristo. Naomba kujua kama inafaa tuanzie Mahabalipuram, upande wa mashariki, au pwani ya magharibi, na kama tunaweza kuingia bila kuwavunjia heshima waumini. Magoti yake yanamsumbua, kwa hiyo hatutaweza kuona mengi kwa siku moja.

Mkazi wa Parklands

Dada, kwanza fuateni mvua. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusini-magharibi, ambao mama yako anaujua kwa jina la kusi, humwaga mvua kubwa kwenye pwani ya magharibi; upepo ukishageuka, mvua huhamia Tamil Nadu, jimbo la mashariki ilipo Mahabalipuram, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Novemba ndiyo kilele chake mjini Chennai. Kwa mwezi mliouchagua, pwani ya Karnataka, jimbo la upande wa magharibi, ndiyo salama zaidi. Shukeni Mumbai, kisha mpande treni ya reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998, ambayo hupita kati ya milima na bahari, ikivuka Goa, hadi mji wa Udupi huko Karnataka.

Huko Udupi kuna hekalu la mungu Krishna ambalo asili yake ni mwanafalsafa Madhva wa karne ya 13. Nyumba nane za watawa hupokezana kulihudumia, kila moja kwa miaka miwili, na utaratibu huo unaendelea hadi leo. Sanamu ya Krishna hutazamwa kupitia dirisha dogo lenye matundu tisa. Inasimuliwa kwamba mshairi Kanakadasa, aliyezuiwa kuingia kwa sababu ya tabaka lake, alisimama nje upande wa nyuma akiimba, hadi ukuta ukapasuka na sanamu ikageuka kumwelekea. Mimi nimelelewa katika dini hii, na kwangu masimulizi hayo ndiyo sababu kubwa ya kufika Udupi, kwa maana yanamtukuza mtu aliyefungiwa mlango. Wasio Wahindu hupokelewa, na mchana mahujaji hulishwa bila malipo, wakiwa wameketi kwa safu.

Msomaji wa South B

Naongezea kuhusu kuingia, kwa kuwa desturi si moja. Mkishuka zaidi hadi Kerala, hekalu la Padmanabhaswamy mjini Thiruvananthapuram na lile la Guruvayur huwapokea Wahindu pekee, na si vyema kubishana na walinzi mlangoni. Mama atapenda kujua kwamba katika ufalme wa Travancore, uliokuwa kusini mwa Kerala ya leo, hata Wahindu wa tabaka za chini walikuwa wakizuiwa, hadi maharaja alipotoa tangazo la kuwafungulia milango mwezi wa Novemba 1936. Katika Tamil Nadu, mara nyingi mgeni huruhusiwa kufika uani na kwenye kumbi, ila si katika chumba cha ndani kabisa. Mahekalu mengi huko hufungwa adhuhuri hadi karibu saa kumi alasiri. Viatu huachwa nje na sakafu ya mawe huwa ya moto mno, kwa hiyo mama achukue soksi nzito, na mwende asubuhi mapema. Pale ambapo wanaume hutakiwa kuvua shati, wengi hujifunga shuka nyeupe mfano wa kikoi.

Mpenda Mawe, Ngara

Nasikitika kuona Mahabalipuram ikiachwa. Kama tarehe zenu zinaweza kusogezwa hadi Januari au Februari, nawasihi msogeze. Hekalu la ufukweni lilijengwa kwa matale mwanzoni mwa karne ya 8, wakati wa mfalme Narasimhavarman wa Pili wa ukoo wa Pallava, na kwa kuwa sasa linatunzwa kama jengo la kihistoria, swali la dini ya mgeni halipo. Chumvi ya bahari imezila nakshi zake, ndiyo maana pamepandwa mivinje na kujengwa ukuta wa kuvunja mawimbi. Si mbali na hapo yako yale mahekalu matano yenye umbo la magari ya kukokotwa, yaliyochongwa kutoka miamba mizima karne moja kabla. Kwa mwalimu wa historia, kuona mahali ambapo wachongaji waliacha kazi kabla ya kuimaliza kunafundisha kuliko jengo lililokamilika. Ardhi ni tambarare, jambo litakaloyafaa magoti yake.

Vyovyote mtakavyoamua, chanjweni homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kuwasili, kwa sababu India huidai kadi ya chanjo hiyo kwa wasafiri wanaotoka Kenya.