Kisu cha kuchunia ngozi: duka linataka mali kauli, nikubali?

Fundi_Springi
Wakuu, nina kisu cha kuchunia ng'ombe na mbuzi. Bapa sm 15 limepinda kwenda juu, ncha ni ya mviringo isitoboe ngozi, mgongo mm 2.5, chuma cha springi ya gari. Kimoja kinanigharimu 9,000 pamoja na mpini na ala. Duka dogo la vifaa vya bucha hapa Dar liko tayari kukiweka, ila kwa mali kauli, yaani nilipwe kikishauzwa. Nianze na vingapi, na kwa bei gani?

Mzani
Mkuu, hiyo 9,000 umehesabu na vinavyoharibika? Bapa jembamba hupinda likitumbukizwa la moto kwenye mafuta ili ligumu, na mengine hupasuka. Kikiharibika kimoja katika kumi, tisa vilivyobaki vinakula 10,000 kila kimoja. Bei ya rafuni iwe 20,000, duka lichukue asilimia 30, wewe ubaki na 14,000. Na usiuze WhatsApp kwa 15,000, mwenye duka akijua atakurudishia mzigo wote.

Mali kauli kubali, lakini vipande kumi tu, na muandikishane: idadi, tarehe ya kuhesabu kila mwezi, kilichopotea dukani anakilipa nani, kilichoota kutu ni cha nani. Hapo kwenye kutu ndipo watu hugombana. Hewa ya pwani haina huruma na chuma cha springi. Paka mafuta mepesi ya cherehani, funga kwa karatasi ya nta, na ala ya ngozi iuzwe pembeni. Kisu kikikaa ndani yake miezi miwili kinatoka na madoa.

Tupa_na_Moto
Springi ya zamani ndiyo tatizo lako la kwanza. Imeshachoka barabarani, ina nyufa ndogo zisizoonekana, na kisu kinaweza kukatika mkononi mwa mteja. Tafuta vipande vipya vya springi kwa wanaokata na kutengeneza.

Ukikipasha moto, sumaku ikiacha kushika ongeza kidogo, kama nyuzi 830, kisha kitumbukize kwenye mafuta yenye uvuguvugu. Baadaye oka nyuzi 200 kwa saa mbili, mara mbili, kisivunjike kirahisi. Jaribu kila kimoja kwa tupa: ikiteleza kabla ya kuoka, chuma kimeshika ugumu. Wengi huharibu mwishoni kwenye grinda: makali yakigeuka bluu, ugumu umeondoka hapo, na mteja atalalamika hakishiki makali.

Kimoja kisichouzwa kiweke nyumbani kama kipimo cha awamu zijazo.

Bucha_Kuu
Mmesahau swali kubwa: nani atalipa 20,000 wakati cha kawaida kando yake ni 5,000? Anayechuna machinjioni hulipwa kwa idadi ya wanyama. Ngozi ikiwa na tobo hasara ni ya mnunuzi wa ngozi. Kwa hiyo dukani usikiuze kama kinga ya ngozi. Sema kinachuna haraka na hakiingii kwenye nyama. Kinga ya ngozi kawaambie wanaokusanya ngozi, wao wana sababu ya kuwanunulia wachunaji wao.

Azimisha vitatu machinjioni wiki mbili kabla ya kupeleka dukani. Mpini wa mbao watakukatalia, maana unanyonya damu, unavimba na riveti zinalegea. Weka plastiki ngumu yenye mikwaruzo na kizuizi mbele, mkono wenye mafuta ya mnyama usiteleze kwenda kwenye makali.

Fundi_Springi
Shukrani wakuu. Mpini ulikuwa wa mninga, nabadilisha. Kumi dukani, vitatu machinjioni.