Viazi vitamu na maharage mekundu, kipi kina lishe zaidi? Naombeni ushauri

Wakuu habari zenu. Nimepunguza nyama, sasa jioni nakula siku viazi vitamu siku maharage mekundu. Shemeji yenu kanambia viazi ni sukari tupu niviache nibaki na maharage, mi viazi navipenda na maharage yananijaza gesi usiku kucha silali. Lengo ni kupungua uzito kidogo bila kuishiwa nguvu maana mazoezi nafanya. Wanaojua lishe nisaidieni, nichague kipi?

Mzee wa Diet:
Mkuu inategemea unatafuta nini. Kama ni protini hapo hakuna mjadala, gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina protini kama gramu 9, viazi haifiki hata 2. Nyuzinyuzi pia maharage yanaongoza kwa zaidi ya mara mbili, na ndo yana madini ya chuma na foliki asidi ya kueleweka. We umepunguza nyama na unafanya mazoezi halafu unataka kubaki na viazi peke yake, misuli itajengwa na nini? Ila ukiacha viazi kabisa vitamini A utaitoa wapi, maharage hayana.

Binti Sayari:
Naongezea hapo. Watu wanaviogopa viazi kwa sababu ya utamu wake lakini vikichemshwa kalori zake ni kama 80 kwa gramu 100, maharage ni kama 125, kwa hiyo kwa uzito ule ule viazi ndo vyepesi. Shemeji ana hoja upande mmoja tu, viazi vinapandisha sukari ya damu haraka kuliko maharage, hasa ukivichoma au kuvioka, vya kuchemsha vina nafuu. Kwa mwenye kisukari hilo ni la kuangalia sana.

mama pacha:
Jamani kabla ya yote tuambie hayo maharage unayapikaje?? Loweka usiku kucha, maji yale MWAGA usipikie, weka maji mapya, gesi itapungua sana maana baadhi ya sukari zinazoleta gesi zinatoka na yale maji. Na anza na kiasi kidogo tumbo lizoee. Kingine watu hawakijui, maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, lazima yachemke kwa nguvu, yatokote kabisa sio chini ya dakika 10, ndo upunguze moto uendelee mpaka yalainike. Wale wa kuyaweka kwenye moto mdogo tangu mwanzo wanajitafutia kutapika na kuharisha, yakiwa hayajaiva vizuri hata punje chache zinatosha kukulaza.

Mleta uzi:
Asanteni sana, hilo la kumwaga maji sikulijua. Viazi vyangu ni vile vyeupe ndani, vitamini A ipo?

Mzee wa Diet:
Kidogo mno mkuu. Tafuta vile vya rangi ya chungwa ndani, gramu 100 tu zinakaribia mahitaji ya siku nzima ya vitamini A kwa mtu mzima. Weka na mafuta kidogo kwenye mlo mwili uweze kuifyonza.

Binti Sayari:
Mi ningekushauri uvile pamoja sahani moja, maharage yawe mengi viazi kipande kimoja cha wastani. Vitamini C ya kwenye viazi inasaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye maharage, ambacho chenyewe kinafyonzwa kwa shida ukilinganisha na cha nyama. Na chai usinywe hapo hapo na chakula, inazuia chuma, subiri saa moja hivi.

Mleta uzi:
Hapo nimeelewa, naloweka leo leo. Na maganda ya viazi mnakula au mnamenya?

mama pacha:
Osha vizuri chemsha na maganda yake, kula nayo, nyuzinyuzi zipo humo. Palipooza kata tupa.